Mjukuu wa miaka minne anataka kwenda sinema: je, alama ya "filamu ya wote" inatosha?

Swali: Nina wajukuu wawili, mvulana wa miaka minne na nusu na dada yake wa miaka tisa. Mama yao ameniomba nikae nao Jumamosi nzima, na wameshaniganda niwapeleke sinema, mahali ambapo mdogo hajawahi kufika. Dada mtu ameshachagua filamu. Ni katuni, na bango lake linasema ni ya watu wote. Baba yao anasema katuni ni katuni, hakuna cha kuogopa. Mimi nasita, maana huyu mdogo aliwahi kutimua mbio sebuleni kwa sababu ya bibi mchawi wa kwenye katuni. Halafu najiuliza, mbona sisi tulilazwa na hadithi za mazimwi na hatukudhurika? Nichagueje? Na akianza kulia mle ndani, nimtoe au nimwache azoee?

Jibu: Shikamoo, mama. Kwa umri wake mjukuu wako anaweza kwenda sinema na akarudi na furaha, ila si kwa filamu aliyochaguliwa na dada yake kabla wewe hujajua kilichomo. Alama ya kwenye bango inakusaidia kuondoa filamu zisizofaa kabisa. Kazi ya kuchagua inabaki kwako. Na baba yao, kwa heshima zote, hapo hajapatia. Katuni ni namna ya kutengeneza picha tu, haisemi chochote kuhusu umri wa anayeiangalia.

Mpe mfano wa filamu ya Uingereza ya mwaka 1978 iitwayo Watership Down. Imechorwa yote kwa mkono, wahusika wake ni sungura, na bodi ya Uingereza inayopanga filamu kwa umri iliipa U, yaani inawafaa wote. Ndani yake sungura wanararuana mpaka damu inaonekana, na wengine wanakufa kwa kukosa hewa mashimoni mwao. Wazazi waliitegemea herufi hiyo moja kwa zaidi ya miaka 40 kabla bodi haijaiangalia upya na kuipandisha kuwa PG, ngazi inayofuata, inayomtaka mzazi aangalie kwanza. Muda wote huo filamu ilikuwa ile ile. Waliobadili mawazo ni wapimaji.

Kwa hiyo ni vizuri kujua alama zenyewe zinasema nini. Uingereza, U huelekezwa kwa watoto kuanzia miaka minne, na PG ni filamu isiyotarajiwa kumvuruga mtoto wa miaka minane hivi na kuendelea. Kwa kipimo hicho mjukuu wako ndiyo kwanza amevuka mlango wa U, na PG bado iko mbali naye. Marekani G ni ya wote, na PG humwachia mzazi uamuzi. PG-13, inayowaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, waliiongeza mwaka 1984, baada ya malalamiko kwamba PG imebebeshwa mambo mazito kupita kiasi. Siku hizi katuni nyingi kubwa za Marekani hutoka na PG, kwa hiyo maneno "kwa familia nzima" kwenye tangazo yasikulevye. Kenya ina GE kwa filamu za wote, kisha PG, 16 na 18. Kati ya mtoto wa miaka minne na kijana wa miaka 15 hapo kuna ngazi mbili tu, na umbali kati ya watu hao wawili unaujua mwenyewe. Wanaonifurahisha ni Waholanzi. Mfumo wao, Kijkwijzer, huandika umri na kuongeza vipicha vya kueleza sababu: ngumi ikimaanisha ukatili, buibui akimaanisha hofu. Mtu akiona buibui anajua la kuuliza.

Hata hivyo, alama zote hizi hupima zaidi kile kilichoonyeshwa: damu, silaha, matusi, uchi. Mama kufa bila tone la damu hupita bila taabu. Na hakuna bodi inayoweza kukaa ndani ya kichwa cha mtoto mmoja mmoja na kuona anavyoangalia.

Sisi watu wazima tunaangalia filamu kwa kufuata kisa. Tunajua stelingi hafi. Tunajua adui ataangushwa dakika chache kabla ya mwisho, na ujuzi huo hutukinga hata moyo unapodunda. Mtoto wa miaka minne hajafundishwa kanuni hiyo. Anaangalia onyesho moja moja, na lililo mbele ya macho ndilo lililopo. Ukimwambia mtu mzima kwamba mwisho wake ni mzuri, umempa sababu ya kuvumilia saa nzima ya mashaka. Ukimwambia mtoto huyu, umemwahidi kitu cha baadaye asichokiona, huku dubwana liko hapa hapa likimtolea meno. Ndiyo maana namwomba kila mzazi na kila bibi aache kuuliza "mafunzo yake ni nini" na "inaishaje", aulize kwanza mtoto ataona nini na atasikia nini, dakika kwa dakika.

Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani Joanne Cantor na wenzake walifanya majaribio ambayo bado nayatumia kuwaeleza wazazi. Katika moja waliwaonyesha watoto video ya mwanamke mzee, kwa matoleo manne. Kuna alipokuwa na sura ya upole na kutenda wema, na kuna alipokuwa na sura hiyo hiyo ya upole lakini akatenda ukatili. Kisha akapewa sura ya kutisha katika hali hizo mbili. Watoto wadogo walimhukumu zaidi kwa sura. Wakubwa ndio walioanza kuyapa matendo yake uzito. Katika jaribio jingine waliwaonyesha sehemu ya mfululizo wa televisheni The Incredible Hulk, ambamo mwanamume wa kawaida hugeuka jitu la kijani na kuokoa watu. Wakubwa hawakuwa na shida na jitu, kwani walijua ni yule yule mwema. Wadogo waliogopa zaidi pale alipokwisha kugeuka.

Kwa hiyo yule mchawi wa sebuleni hakumkimbiza mjukuu wako kwa uchawi wake, maana uchawi ni wazo, na wazo halijamfikia. Alikimbizwa na pua, meno na kicheko, na sitashangaa kama kabla ya hapo mchawi huyo alikuwa na sura nyingine ikageuka mbele ya macho yake. Adui mtanashati mwenye maneno matamu, ambaye mimi na wewe tungemwona hatari kuliko wote, mtoto huyu atampita bila wasiwasi. Jitu lenye roho nzuri na macho mekundu ndilo litakalomharibia usiku.

Umegusia mazimwi, na hapo umeuliza jambo zito. Hukudhurika, ni kweli. Lakini mkumbuke aliyekuwa anasimulia. Alikuwa anakuona. Ukijisogeza kwake, sauti ilishuka. Ukicheka, zimwi liliota jino jingine. Ukikaribia kulia, zimwi usiku huo lilikufa mapema kuliko kawaida yake. Na zimwi lenyewe ulilichora wewe kichwani mwako, kwa ukubwa ulioweza kuubeba. Mashine ya sinema haimwoni mtoto. Zimwi lake lina ukubwa mmoja, limemzidi mtoto mara kadhaa kwa kimo, na linakuja kwa wakati wake hata kama mtoto amejificha kwapani mwako. Sisemi mjukuu wako akingwe na kila hofu. Hofu ndogo anayoweza kuimaliza mwenyewe inamjenga: anafunika uso, anachungulia kati ya vidole, kisha anacheka. Aliyekakamaa kitini hachungulii wala hacheki, na hapo hakuna anachojifunza isipokuwa kwamba sinema ni mahali pabaya.

Kuna kitu kimoja nakihofia kuliko mazimwi yote, nacho ni mzazi kutoweka.

Mwaka 2014 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ian Colman na James Kirkbride katika toleo lake la Krismasi, toleo ambalo hupenda utani wenye hesabu za kweli. Walichukua katuni 45 zilizotoka kati ya 1937 na 2013 wakazilinganisha na filamu 90 za watu wazima. Theluthi mbili za katuni zilikuwa na kifo cha mhusika muhimu. Kwa filamu za watu wazima ilikuwa nusu. Na hatari ya mzazi wa mhusika mkuu kufa ilikuwa zaidi ya mara tano kwenye katuni. Ukifikiria kidogo utaona sababu. Mtunzi anataka shujaa wake mdogo abaki peke yake ili safari ianze, na mzazi aliye hai atamwita arudi ndani, kisa kiishie hapo. Basi mzazi anaondolewa, wakati mwingine mwanzoni kabisa, kabla hata mtoto hajakaa sawasawa kitini.

Kifo chenyewe mtoto wa miaka minne hakielewi vizuri. Wengi wa umri huo huamini aliyekufa atarudi. Anachokielewa barabara ni mtoto mwenzake kuita "mama" na asiitikiwe. Sasa fikiria Jumamosi yenu: mama yake hayupo, wewe ndiye uliyeachiwa, ukumbi ni wa giza na hajawahi kuuona. Onyesho ambalo siku nyingine angelipita kwa urahisi linaweza kumkaa siku hiyo. Na kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, au mzazi mmoja amehama, filamu ya namna hiyo iacheni kabisa kwa sasa, hata isifiwe vipi.

Mengine nayapita haraka. Kupigana kwa kuchekesha kutamfanya ajaribu mateke nyumbani kwa siku mbili tatu, mtamkanya. Utani wa choo hauna madhara. Vikaragosi na fulana vitakavyouzwa mlangoni ni mtihani wa pochi yako, na majibu yake yaandae kabla ya kutoka nyumbani.

Utajuaje kilichomo bila kuiona filamu mwenyewe? Soma muhtasari wa kisa mpaka mwisho, au mwombe mtu akusomee. Usiogope kujiharibia utamu, maana siku hiyo wewe ni msindikizaji. Kisha mtafute aliyeiona umuulize maswali matatu: nani anapotezana na nani? Nani anageuka sura? Giza na makelele viko wapi, na vinachukua muda gani? Kama unaweza, muulize mtoto wa miaka tisa au kumi badala ya mtu mzima. Mtu mzima atakwambia ni nzuri, ina mafunzo. Mtoto atakusimulia mshtuko kwa mshtuko, na sauti ya kila dubwana atakuigizia.

Tuyajaribu maswali hayo kwenye filamu moja. Ya Kijapani ya Hayao Miyazaki, My Neighbor Totoro, ya mwaka 1988, ina dakika 86 na haina adui hata mmoja. Dada wawili wanahamia shamba na baba yao, na wanakutana na viumbe wa msituni. Mdogo wao, Mei, ana miaka minne, kama mjukuu wako. Ukiishia hapo utasema hii ndiyo. Ukiuliza maswali utapata picha kamili. Nani anapotezana na nani? Mama yao yuko hospitali, anaumwa lakini yu hai, na kuelekea mwisho Mei anapotea, kijiji kizima kinamtafuta, ndala ya mtoto inaokotwa kwenye bwawa. Sura zinageuka? Hapana, ingawa yule kiumbe mkubwa hufungua mdomo mpana uliojaa meno. Giza? Lipo, la usiku wa mvua kituoni, lakini limetulia na muziki haumvamii mtu. Kwa watoto wengi wa miaka minne hii ni filamu njema sana. Kwa mtoto ambaye mama yake amelazwa wiki hiyo, ningesubiri. Uamuzi hauko kwenye filamu peke yake.

Trela haitoshi kukujulisha, kwa sababu imetengenezwa ili kuuza: inakusanya vichekesho na kuficha msiba. Ila ina kazi nyingine nzuri. Mwonyeshe mdogo trela hiyo nyumbani mchana, kwenye simu, sauti ikiwa ya kawaida. Halafu usisikilize anachosema, angalia mwili wake. Mtoto atasema "siogopi" huku vidole vya miguu vimejikunja na mkono umeshika nguo yako. Akiomba irudiwe, ni dalili njema. Akiuliza kama yule mwenye meno ataondoka, au katikati akaanza kukueleza habari za mpira wake, ameshakujibu.

Kati ya filamu mpya na ile ambayo wahusika wake anawajua, mpe anayoijua. Watoto wa umri huu hawachoshwi na marudio. Kujua kinachokuja ndiko kunakompa ubavu, atakukumbusha hata wewe usiogope. Ikitokea ukumbi unarudia filamu aliyokwisha kuiona nyumbani mara nyingi, hiyo naipa nafasi ya kwanza kwa siku ya kwanza. Ukumbi wenyewe ni ugeni wa kutosha.

Angalia pia lugha. Hajui kusoma, kwa hiyo maandishi ya tafsiri chini ya skrini hayamsaidii, na hutaweza kumnong'oneza kwa saa nzima bila kugombana na wa kiti cha mbele. Kama hakuna toleo lenye sauti za lugha anayoisikia vizuri, tafuta filamu ambayo picha zinajieleza zenyewe. Mtoto asiyefuata maneno hubaki na muziki na sura tu, yaani hubaki na vile vile vinavyotisha.

Muda nao si jambo dogo. Kwa mara ya kwanza lenga filamu ya dakika 70 hadi 90. Iliyoandikwa dakika 100 huwa na majina ya watengenezaji mwishoni, hivyo ni fupi kidogo kuliko inavyosema, lakini kabla yake kuna matangazo na trela, na mtoto hujikuta amekaa karibu saa mbili. Zile trela za mwanzo mimi huwa naziruka. Zimejaa mishtuko isiyo na kisa, na si zote zimelengwa kwa mtoto wa umri wake. Uliza mlangoni filamu yenyewe inaanza saa ngapi, mwende msalani, muingie wakati huo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Sinema ya mara moja moja haitamharibu mtu, ila siku hiyo televisheni ya nyumbani ipumzike.

Wengi wanafikiria picha na kusahau sauti, na kwa watoto wadogo nimeona sauti ikivunja siku nyingi kuliko picha. Vipimo vya kumbi za sinema huruhusu vilele vya hadi desibeli 105 kutoka spika moja, na ukumbini spika ni nyingi. Si kila ukumbi hufika huko, na si muda wote, lakini mshindo mmoja usiotarajiwa unamtosha. Kaeni nusu ya nyuma ya ukumbi, pembeni mwa safu, karibu na njia. Kama unaweza kupata vile vifuniko vya masikio vya kuzuia kelele vya saizi ya mtoto, vichukue, na umvalishe nyumbani kwanza ili avizoee. Vinginevyo mfundishe kuziba masikio badala ya macho. Muziki hutangaza hatari kabla picha haijafika, na ukiuondoa, nusu ya hatari imekwenda nao. Miwani ya 3D iacheni siku ya kwanza. Humteleza puani, na kitu cha kumrukia usoni ndicho hasa asichokihitaji. Kumbi nyingine huwa na maonyesho ya utulivu, taa zikiachwa zimewaka kidogo, sauti ikipunguzwa na watoto wakiruhusiwa kusimama. Yameandaliwa hasa kwa watoto wanaosumbuliwa na kelele na mwanga, lakini kwa mgeni wa miaka minne ni mahali pazuri pa kuanzia. Uliza kama yapo.

Tuje kwa dada mtu. Mnaenda watatu, basi filamu ichaguliwe kwa kipimo cha mdogo. Kutafuta ya katikati ni kuwakosesha wote wawili: yeye ataiona ya kitoto, mdogo ataiona kali. Atakwambia mdogo mwenyewe ameililia ile aliyoichagua yeye. Inawezekana. Ile methali ya mtoto kulilia wembe apewe, aliyeitunga hakuwa analala chumba kimoja na huyo mtoto. Mpe dada mtu hadhi nyingine: yeye ndiye atakayemwonyesha mdogo viti, atakayemweleza taa zitazimwa lini, na filamu yake mtaiona siku nyingine mkiwa wawili tu.

Na hiyo ya siku nyingine pia ichunguze, kwa maswali tofauti. Mtoto wa miaka tisa hatishwi na sura kama zamani. Anatishwa na yanayoweza kutokea kweli: mtoto kutekwa, moto nyumbani, vita, ugonjwa. Mwaka 1983 televisheni ya Marekani ilirusha filamu ya The Day After, kuhusu vita vya nyuklia, na Cantor na wenzake wakawapigia simu wazazi usiku uliofuata. Watoto wadogo kabisa ndio waliokuwa wamesumbuka kidogo kuliko wote. Hawakuwa wameona dubwana lolote, na bomu kwao lilikuwa mwanga tu. Waliokosa raha ni wale walioelewa maana yake. Kwa hiyo usishangae filamu ya watu wa kawaida, isiyo na hata jino moja, ikimnyima usingizi mkubwa huku mdogo akisinzia mapajani mwako.

Sasa swali lako la mwisho, kumtoa au kumwacha azoee. Mtoe. Kuzoea hutokea mtoto anapokuwa na uwezo wa kuondoka, na kwenye kiti cha gizani uwezo huo anao mtu mmoja tu, nawe ndiwe. Lakini usisubiri kilio, maana kilio huja mwisho. Kabla yake ananyamaza ghafla, anaacha kutafuna, anakugeukia wewe badala ya skrini, anaomba kwenda msalani. Akiomba msalani mara ya tatu ndani ya nusu saa, huyo hana mkojo. Mpakate, mshike mkono, mpe kitu cha kunywa taratibu. "Ni uwongo tu, ni sinema" usijisumbue nayo. Kabla ya miaka saba hivi maneno hayo hayatulizi mwili, kinachotuliza ni mwili wako. Akilegea, kaeni. Asipolegea, tokeni nje penye mwanga, bila maneno mengi na bila kumwita mwoga. Wengine huomba warudi baada ya dakika tano na hukubali kuangalia wakiwa wamesimama mlangoni, na hiyo ni sinema kamili kwa siku ya kwanza. Wengine hawataki tena siku hiyo, na hakuna kilichoharibika.

Usiku akilizungumzia dubwana, mwache alichore, aliigize, alipige kofi, alifukuze chini ya kitanda. Usimhoji kama hajataja. Siku chache za kutaka taa iachwe ni kawaida. Zikipita wiki kadhaa na bado hataki kulala peke yake, au ameanza kukataa vitu alivyokuwa anavifanya, mpelekeni kwa daktari wa watoto au mshauri azungumze naye.

Halafu kuna dada yake, ambaye filamu itakuwa imemkolea wakati mnainuka. Kama mtu mzima mwingine anaweza kuandamana nanyi, jambo hili limekwisha. Kama hayupo, zungumza naye kabla ya siku hiyo, nyumbani, mdogo akiwa hasikii. Mwambie mdogo akishindwa mtatoka wote watatu, na kwamba akiinuka bila manung'uniko utamrudisha siku nyingine, mkiwa wawili, aimalizie.